Jinsi ya Kulinganisha Kozi za Shahada ya Kwanza na Sifa Zake za Kujiunga: Mwongozo kwa Aliyemaliza Kidato cha Sita

Kila mwaka Baraza la Mitihani, NECTA, likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, swali ni lile lile kuanzia Kigoma hadi Tanga: "Nina division two ya 12, naweza kusoma kozi gani?" Swali hilo halijibiki, kwa sababu vyuo vikuu vya Tanzania havimdahili mtu kwa division. Vinamdahili kwa alama ya somo moja moja, ikipimwa na sharti la kozi yenyewe. Wawili wenye division moja na pointi sawa wanaweza kuomba kozi ile ile, mmoja akachaguliwa na mwingine asiwe na sifa hata za kuomba.

Jambo la pili linalowaangusha wengi ni kuanza na jina la chuo. Kijana anasema anataka Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha anatafuta kozi yoyote ya Mlimani itakayompokea. Ningependa uanze na kozi, chuo kifuate. Mwongozo huu umefuata mpangilio huo, na umeandikwa kwa ajili ya mwombaji pamoja na mzazi au mlezi anayekaa naye kupanga.

Hatua ya kwanza: geuza matokeo yako kuwa pointi za TCU

Kuna mizani mbili, na zinakwenda kinyume. NECTA inapopanga division, pointi zikiwa chache ndiyo heri: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Ukijumlisha masomo matatu ya tahasusi, 3 hadi 9 ni division one, 10 hadi 12 ni two, 13 hadi 17 ni three, 18 na 19 ni four. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu kwa upande mwingine: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni 0.5, na F haina kitu. Huku, pointi zikiwa nyingi ndiyo heri.

Sharti la chini la kitaifa kwa aliyetoka kidato cha sita ni prinsipo mbili, yaani A hadi E, katika masomo yanayotakiwa na kozi, zenye jumla isiyopungua pointi 4.0. Soma tena maneno "prinsipo mbili" na "yanayotakiwa na kozi". Hapo ndipo watu wanapopotea.

Chukua wanafunzi wawili wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), wote wana division three ya 14. Wa kwanza ana C ya Baiolojia, E ya Kemia na S ya Fizikia. Baiolojia na Kemia zinampa 3 na 1, jumla 4.0. Amefikia sharti la chini kwa kozi inayotaka masomo hayo mawili. Wa pili ana D ya Baiolojia, E ya Kemia na E ya Fizikia. Ana prinsipo tatu, moja zaidi ya mwenzake, na ukizijumlisha zote anapata 4. Lakini masomo yake mawili bora yanampa 3 tu, kwa hiyo sharti la chini hajalifikia. Division moja, pointi 14 kwa wote wawili, njia tofauti kabisa.

Sasa panda juu kidogo, kwa wale wa division two ya 12. Mmoja ana D tatu. Mwingine ana A, E na S. Katika kozi inayoangalia masomo mawili, mwenye A ana 6 na mwenye D tatu ana 4. Wakihamia kwenye udaktari wa binadamu, unaotaka prinsipo zote tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia zenye jumla ya angalau pointi 6, mwenye A anabaki nje kwa sababu ya ile S, na mwenye D tatu anaingia kwenye orodha ya wenye sifa.

Kwa hiyo andika kwenye daftari, somo kwa somo, alama na pointi zake za TCU. Chini yake andika jumla ya mawili bora, kisha jumla ya matatu. GS (General Studies) na BAM (Basic Applied Mathematics) ziandike pembeni: hazihesabiwi kuwa prinsipo, ila BAM itakufaa mbele kidogo. Halafu andika matokeo yako yote ya kidato cha nne, hata yale ambayo ungependa kuyasahau. Hisabati na Kiingereza za kidato cha nne zinafunga milango mingi ya chuo kikuu kuliko waombaji wanavyodhani.

Kama ulimaliza kidato cha sita mwaka 2014 au 2015, alama za miaka hiyo zilikuwa na mpangilio wake, ikiwemo B+, na kitabu cha TCU kina kifungu chake kwa ajili yenu. Usitumie hesabu niliyoandika hapa.

Hatua ya pili: pata kitabu sahihi cha mwaka huu

TCU hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili wa shahada ya kwanza, na vitabu ni viwili: kimoja cha waliotoka kidato cha sita, kingine cha wenye stashahada na sifa zinazolingana nayo. Vyote hupatikana bure kwenye tovuti ya TCU. Fungua kinachokuhusu. Nimeona wenye stashahada wakihangaika na kitabu cha kidato cha sita, wakakata tamaa kwa masharti ambayo hayakuandikwa kwa ajili yao.

Kitabu kiwe cha mwaka unaoomba. Yale mafaili yanayozunguka WhatsApp mara nyingi ni ya mwaka jana au juzi, na masharti hubadilika: kozi mpya huongezwa, nyingine huondolewa, alama ya somo fulani hupandishwa. Kozi isiyokuwemo kwenye kitabu cha mwaka huu, au chuo kisichokuwemo, usikilipie hata senti. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya, na kozi nyingine zikasimamishwa ndani ya vyuo vilivyobaki. Anayesoma tangazo la barabarani peke yake hawezi kuyajua mambo kama hayo.

Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye chuo husika kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Ule mfumo wa pamoja wa TCU uliokuwa unapokea maombi ya nchi nzima haupo tena. Kwa hiyo mtu akikwambia ana ndugu TCU atakayekuingiza kwenye kozi, jua anataka hela yako.

Hatua ya tatu: soma mstari wa sifa mpaka nukta ya mwisho

Kwa kila kozi, jedwali la TCU linaonyesha jina na namba ya kozi, sifa za kujiunga, pointi za chini ambazo chuo chenyewe kinataka, idadi ya nafasi, na miaka ya kusoma. Safu ya sifa ndiyo ndefu, na wengi huisoma nusu.

Mstari huo kwa kawaida una tabaka tatu. La kwanza ni masomo. Hapa tofautisha "mawili kati ya haya yafuatayo" na "hili pamoja na mojawapo ya haya". Orodha inaweza kuwa na masomo nane, nawe ukafurahi kuona matatu yako yote yamo, kumbe sentensi imesema mojawapo lazima liwe Hisabati ya Juu. Kozi za kompyuta zinaonyesha jambo hili vizuri: zipo zinazodai Hisabati ya Juu iwe prinsipo, na zipo zinazompokea mwenye Fizikia, Jiografia au Uchumi mradi Hisabati yake ya kidato cha nne iwe nzuri. Kwa juu juu kozi zinafanana. Kwa mwanafunzi wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) mwenye S ya Hisabati, ni kozi mbili tofauti kabisa.

Tabaka la pili ni alama. Pointi 4.0 ni za taifa. Kozi inaweza kudai 6 au zaidi, au ikasema somo fulani lisipungue C. Jumla yako ikitosha na alama ya somo moja isitoshe, hujatosha. Mwenye C, D na E kwenye PCB ana pointi 6 sawasawa na mwenye D tatu, lakini kama kozi imeweka alama ya chini kwa kila somo, ile E inaweza kumtoa, kutegemea imekaa kwenye somo gani.

Tabaka la tatu ni ile sentensi ya mwisho inayoanza na "pamoja na hayo". Ndiyo inayotaja kidato cha nne. Kozi nyingi za biashara, uhasibu na uchumi husema kwamba kama Hisabati ya Juu si mojawapo ya prinsipo zako, basi uwe na angalau S ya BAM, au alama fulani ya Hisabati ya kidato cha nne. Wanafunzi wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) na ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) wenye matokeo mazuri kabisa hukwama hapo. Sheria nayo mara nyingi hubana kwenye Kiingereza. Ukiipata sentensi hiyo, ipigie mstari kabla hujaangalia kitu kingine chochote.

Kwa kozi za ualimu kuna jambo la ziada. Unaomba kuwa mwalimu wa masomo mawili, na masomo hayo hutoka kwenye yale uliyofaulu. Mwenye CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) anayetaka kufundisha Fizikia hatafanikiwa hata awe na pointi kumi.

Kwa wenye stashahada, mstari wao unasomwa kwa namna nyingine. Sharti la chini ni ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne na GPA isiyopungua 3.0 kwenye stashahada ya NTA ngazi ya 6, ila vyeti vya mifumo mingine, kama vile stashahada ya ualimu, vina vipimo vyake. Juu ya hapo, stashahada yenyewe iwe na uhusiano na kozi unayoomba. Mtu wa stashahada ya utabibu anayetaka kwenda kusomea udaktari ataulizwa pia masomo ya sayansi ya kidato cha nne, kwa hiyo GPA kubwa peke yake haimvushi. Na kabla ya kuomba, chukua namba ya uhakiki ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya stashahada, ile inayoitwa AVN. Iombe mapema, maana mwezi wa maombi kila mtu huikumbuka siku moja.

Waliosoma nje, kwa mfano Kenya au Uganda, hupeleka kwanza vyeti vyao vya sekondari NECTA vikalinganishwe na vya hapa.

Hatua ya nne: tenganisha kuwa na sifa na kupata nafasi

Hapa ndipo napenda mzazi akae karibu. Sifa za chini zinakuruhusu kuomba tu. Waombaji wenye sifa wakizidi nafasi, chuo hupanga kwa ufaulu kuanzia juu, na nafasi zinapokwisha, waliobaki wameachwa hata kama kila mmoja wao amefikia masharti. Udaktari wa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, unaweza kuandikwa pointi 6 kwenye kitabu, lakini usitegemee kuupata kwa pointi 6. Watoto wenye A na B kwenye PCB nchi nzima wanauangalia wao pia.

Safu ya idadi ya nafasi ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na kwangu ndiyo yenye habari nyingi. Kozi yenye nafasi chache ndani ya chuo maarufu jijini Dar es Salaam inabana kuliko kozi hiyo hiyo yenye nafasi mara tatu yake mkoani. Mlimani, UDSM, inabana sana, lakini ualimu wake unafundishwa pia DUCE kule Chang'ombe na MUCE mjini Iringa, ambavyo ni vyuo vishiriki vyake. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 kikiwa kikubwa tangu mwanzo, na kozi zake nyingi zina nafasi za kutosha. Tazama safu hiyo kabla ya kuamua kwamba kozi uitakayo "haiwezekani".

Mfumo wa chuo ukikupa nafasi ya kuchagua kozi kadhaa, usizijaze zote za aina moja. Moja iwe ile unayoitamani kweli hata kama inabana. Mbili au tatu ziwe zile ambazo pointi zako zinazidi sharti kwa umbali unaoonekana. Moja iwe ya uhakika, na iwe kozi ambayo ukiipata utaenda kuisoma kwa moyo, si ya kujazia fomu. Kuomba chuo zaidi ya kimoja kunaruhusiwa. Vyuo vingi hutoza shilingi 10,000 za maombi, hivyo vyuo vitatu vilivyochaguliwa kwa akili vinatosha na havimwumizi mzazi.

Hatua ya tano: anza na ajira, rudi nyuma hadi kwenye kozi

Hatua hii ni ya jioni moja tu, nayo huokoa miaka. Fungua Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na matangazo mengine ya kazi unayoifikiria. Usiangalie mshahara. Angalia sentensi ya sifa za mwombaji. Utakuta imeandikwa shahada ya kwanza katika fani hii, hii au hii, na mara nyingi imeongezwa: awe amesajiliwa na bodi fulani. Nakili majina ya fani hizo kama yalivyo, kisha uyatafute kwenye kitabu cha TCU.

Kuna kozi zenye majina ya kuvutia ambazo hazimo kwenye tangazo lolote. Kuna kozi mbili zenye majina yanayokaribiana zinazopeleka watu sehemu tofauti. Anayetaka kufanya kazi maabara ya hospitali asome Sayansi ya Maabara za Tiba, ambayo wahitimu wake husajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Shahada ya baioteknolojia inafundisha maabara nyingi pia, tena kwa kina, lakini usidhani itakufikisha mahali pale pale. Liulize baraza kabla ya kuomba. Vivyo hivyo, shahada ya sayansi katika Kemia na shahada ya sayansi na ualimu yenye somo la Kemia ni mambo mawili. Wa kwanza akitaka kufundisha sekondari atahitaji kurudi kusoma stashahada ya uzamili ya ualimu, na wa pili anatoka akiwa mwalimu tayari.

Bodi zina uzito kuliko jina la chuo. Wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, na mhitimu wa miaka minne hupitia mafunzo ya kazini ya miaka mitatu chini ya msimamizi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Daktari husoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika limpe usajili kamili. Mfamasia naye ana mwaka wake wa mafunzo baada ya shahada. Wahasibu wana mitihani ya NBAA, watu wa ununuzi na ugavi wana PSPTB, wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi wana AQRB. Kwa hiyo ukilinganisha miaka, hesabu mpaka siku ya kusajiliwa. Ukiishia kwenye mahafali hesabu yako itakuwa pungufu.

Sheria naiweka peke yake, maana vijana wa HGL na HKL (tahasusi za Historia na lugha) wengi huikimbilia bila kujua njia yake. Shahada peke yake haikufanyi wakili. Baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, maarufu kama Law School, na huko mambo ni magumu. Mwaka 2022 matokeo yake yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu mitihani yote mara moja walikuwa 26. Serikali iliunda kamati kuchunguza. Unapolinganisha kozi za sheria, basi, usiishie kwenye sifa za kuingia. Uliza chuo kina mahakama ya mafunzo inayofanya kazi kweli, wanafunzi wanaandika hoja kwa Kiingereza mara ngapi, na wahitimu wake wanafikaje kule Law School. Kozi inayoingilika kwa urahisi na isiyokuandaa itakudai baadaye.

Hatua ya sita: linganisha kozi zenye jina moja katika vyuo viwili

Ukishabaki na kozi moja na vyuo viwili au vitatu, sasa ndipo chuo kiingie kwenye mazungumzo. Tafuta orodha ya masomo ya kila mwaka, ambayo vyuo vingi huiweka kwenye tovuti zao au kwenye kitabu cha mwaka cha chuo. Angalia mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka wa kwanza hufanana kila mahali, na huko mbele ndiko kozi inakoonyesha sura yake.

Kwa fani za vitendo, uliza mwanafunzi anajifunzia wapi. MUHAS imekaa na Hospitali ya Taifa Muhimbili, CUHAS ya Mwanza ina hospitali ya Bugando, chuo cha KCMC kiko ndani ya hospitali ya kanda pale Moshi. Kilimo, misitu na udaktari wa mifugo vina makao yake makuu SUA, Morogoro, na mashamba yapo pale pale. Mipango miji, upimaji ardhi na ukadiriaji majenzi ni uwanja wa Chuo Kikuu Ardhi. Hii haina maana vyuo vingine havifai, ila chuo kikubwa kisicho na karakana ya fani yako kinaweza kukufaa kidogo kuliko kidogo kilicho nayo. Kwa uhandisi, uliza kuhusu karakana na mafunzo ya viwandani ya kila likizo ndefu. Kwa biashara, uliza kama chuo kinakutafutia mahali pa kwenda field au kila mtu anajitafutia.

Njia bora ya kupata majibu haya ni kumpata mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyo hiyo. Muulize ni somo gani linalowapa watu sapu (mitihani ya marudio) nyingi, na wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, wanadisko kwa sababu gani. Akikwambia ni hisabati ya mwaka wa kwanza, rudi kwenye daftari uangalie alama zako tena. Kozi kuweka sharti la somo fulani ni namna ya kukueleza itaanzia wapi kufundisha. Mwalimu hatarudi kukufundisha kidato cha tano.

Hatua ya saba: hesabu fedha kabla ya kubonyeza

Ada za vyuo vya umma na vya binafsi zinatofautiana sana, na kwa udaktari tofauti hiyo ni mara kadhaa. Chukua ada, uzidishe kwa miaka yote ya kozi, ongeza malazi na chakula. Maisha ya Dar es Salaam kwa mwanafunzi aliyekosa hosteli ni mzigo: chumba, daladala asubuhi na jioni, chakula cha mgahawani. Dodoma, ambako hosteli ziko ndani ya eneo la chuo, hesabu inaweza kuwa nyepesi kwa ada ile ile.

Mkopo huombwa Bodi ya Mikopo, HESLB, kwa mfumo wake wenyewe, tofauti na maombi ya chuo. Usingoje kuchaguliwa. Tumia namba ile ile ya mtihani wa kidato cha nne huku na kule, la sivyo mifumo haitakutambua kuwa ni mtu mmoja. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA kwa waliozaliwa Bara, au kwa wakala wa usajili wa Zanzibar kwa waliozaliwa Visiwani. Kazi hiyo ianze hata kabla ya matokeo kutoka. Mkopo hupangwa kwa uhitaji, na Bodi hutazama pia kozi. Fani za afya, ualimu wa sayansi na hisabati, na uhandisi zimekuwa zikipewa kipaumbele. Kiasi cha ada kina ukomo, hivyo usichague kozi ya gharama kubwa ya chuo binafsi kwa imani kwamba mkopo na bumu lake, yaani hela ya kujikimu, vitabeba kila kitu. Na ujue kwamba ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

Waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa kwenye tahasusi za sayansi waangalie pia ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23. Wazanzibari wana bodi yao ya mikopo pia.

Hatua ya nane: kama pointi 4.0 hazijatimia

Aliyekosa kidogo hana haja ya kumlipa mtu "amsaidie". Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi ya kujiandaa na shahada, yenye masharti yake kwenye kitabu cha TCU, na inatambuliwa. Njia ya pili ni stashahada ya miaka kadhaa kwenye chuo kilichosajiliwa na NACTVET, kisha kurudi kuomba shahada kwa kitabu cha pili. Njia ya tatu ni kurudia mtihani ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa anayetaka afya au uhandisi, mimi huielekeza familia kwenye stashahada, maana kijana anatoka na ujuzi unaoajirika hata kama shahada itachelewa. Kwa aliyekosa pointi nusu au moja tu na ana nguvu ya kusoma, kurudia mtihani ni njia fupi.

Hatua ya tisa: omba, fuatilia, thibitisha

Dirisha la awamu ya kwanza hufunguliwa baada ya matokeo, kwa kawaida mwezi Julai. Omba siku za mwanzo. Siku za mwisho mifumo huzidiwa na namba ya malipo inaweza kuchelewa. Jina kwenye fomu liwe kama lilivyo kwenye vyeti, herufi kwa herufi. Namba ya simu iwe yako, ya laini utakayokuwa nayo mpaka Novemba. Wanaotumia namba ya mwenye steshenari hupoteza nafasi zao, kwa sababu ujumbe unaofuata huenda kwenye namba hiyo.

Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, utapaswa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa kwa simu au barua pepe, kupitia akaunti yako ya chuo unachokitaka. Kuna siku ya mwisho. Usipothibitisha, nafasi zako hupewa wengine. Kabla ya kuiingiza namba hiyo, fungua tena daftari: uliandika nini kuhusu nafasi za kazi, miaka mpaka usajili, gharama, na mahali pa mafunzo ya vitendo? Chagua kwa safu hizo. Kama hukuchaguliwa popote, angalia orodha ya nafasi zilizobaki kwenye awamu ya pili, urudie hatua ya tatu kwa kozi hizo mpya, maana haraka ya awamu ya pili ndiyo inayowaingiza watu kwenye kozi ambazo hawakusoma hata mstari wake wa sifa.

Kuhama kozi au chuo baada ya kuripoti kunawezekana kwa muda mfupi mwanzoni mwa mwaka wa masomo, lakini ni lazima uwe na sifa za kule unakokwenda na kuwe na nafasi. Na kabla hujahama, piga HESLB uulize mkopo wako utahamaje.